Hasara ya Usiku Mmoja

Hadi Januari 9, 2025, mkazi wa Voi, mji wa kaunti ya Taita Taveta, aliyejaribu kujitoa uhai na kuokolewa na majirani alikuwa mgonjwa na mshukiwa kwa wakati mmoja. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu kuwa mkosaji, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Siku hiyo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinamvunjia mgonjwa heshima na kumziba njia ya kwenda kutibiwa. Waliokuwa wamekwenda mahakamani ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili. Waingereza walioileta sheria hiyo walikuwa wameshaifuta kwao mwaka 1961.

Uamuzi ule ulisomwa zaidi kama ushindi wa haki za binadamu, na ni kweli. Lakini una uzito mwingine ambao haukuzungumzwa sana: unagusa hesabu. Familia iliyojua kwamba neno moja kwa polisi litaleta maswali, kesi na aibu ilikuwa na kila sababu ya kusema marehemu aliugua ghafla. Takwimu zilizochapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu kutoka kwa polisi zilionyesha visa 421 vya kujiua nchi nzima mwaka 2017, wanaume wakiwa 330. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba mwaka 2019 Kenya ilipoteza watu 6.1 kwa njia hiyo katika kila watu 100,000. Ukichukua idadi ya sensa ya mwaka huohuo, watu milioni 47.6, unapata vifo karibu 2,900. Miaka ni tofauti na njia za kuhesabu ni tofauti, lakini pengo la karibu mara saba haliwezi kuelezwa na tofauti hizo peke yake. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilizikwa kwa jina jingine.

Hili ni jambo la kuweka akilini kabla ya kuuliza kwa nini eneo fulani lina vifo vingi kuliko jingine. Kiwango cha kujiua cha eneo hupima mambo mawili kwa pamoja: watu wangapi wameshindwa kuendelea, na wangapi waliobaki wamethubutu kusema.

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni umaskini. Lina ukweli, lakini likipelekwa kwenye ramani ya Kenya linayumba. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka umaskini wa Turkana kuwa asilimia 79.4, Mandera 77.6 na Samburu 75.8. Nyeri ilikuwa na 19.3, Kirinyaga 20. Kama umaskini ungekuwa ndio kila kitu, Turkana ingepaswa kuongoza kwa mbali. Badala yake, Idara ya Upelelezi ilipotoa hesabu yake katikati ya 2021, ikisema watu 483 walijiua katika miezi mitatu tu, eneo la Kati, lenye Nyeri na Kirinyaga, ndilo lililotajwa mbele ya mengine. Ndiyo, vituo vya polisi viko karibu zaidi Nyeri kuliko Lodwar ya Turkana, na maiti ya Kiambu huandikwa pale ambapo ya Lokichar ingezikwa jioni ileile. Hata hivyo kuna kitu kingine ndani ya takwimu hizo, na Taita Taveta ni mahali pazuri pa kukitafuta, kwa sababu kaunti hii haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Katika utafiti uleule wa kaya, umaskini wake ulikuwa asilimia 32.3, chini kidogo ya wastani wa nchi wa 36.1, na chini sana ukilinganisha na jirani zake Kwale na Kilifi. Ukiitazama kwa jicho la Nairobi ni kaunti ya kati tu, isiyotisha. Ukiitazama kutoka Sagalla au Mwatate, ni mahali ambapo mtu anaweza kulala akiwa na kitu na kuamka hana.

Kaunti ina kilomita za mraba 17,084. Asilimia 62 ya eneo hilo ni Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948. Kilichobaki kimegawanywa kati ya ranchi kubwa, mashamba ya makonge, misitu ya vilele vya milima, na vijiji. Ardhi inayofaa kilimo cha kungojea mvua ni kama asilimia 12 tu. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wanabanana ama kwenye miteremko ya Dawida, Sagalla na Kasigau, ambako shamba la babu limegawanywa hadi likawa vipande vya kupanda mboga, ama kwenye nyanda za chini zenye joto, zinazopakana na wanyama. Taveta ina hadithi yake: mashamba makubwa ya mkoloni Ewart Grogan na waliomfuata yamewaacha watu wengi wakiitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa.

Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini, na kati yao 14,964 walikuwa katika eneo la Tsavo. Yaani ndovu wawili katika kila watano wa Kenya ni majirani wa mkulima wa Taita Taveta.

Ndovu huja usiku, na huja mahindi yakianza kukomaa, wakati ambapo kazi yote imeshafanywa na gharama yote imeshalipwa. Mbegu zilikopwa dukani. Ada ya muhula iliahidiwa shuleni kwa kutegemea mavuno. Kundi dogo la ndovu linatosha kulimaliza shamba la ekari mbili kabla ya alfajiri. Ndiyo maana wakulima wa Voi na Mwatate hukesha msimu mzima juu ya vichanja, na mabati ya kupiga, tochi, na moto wa kinyesi na pilipili. Baba hukesha, kijana wa sekondari humpokea saa nane za usiku, na asubuhi wote wawili wanatakiwa waonekane wazima. Kukosa usingizi miezi miwili mfululizo ni mzigo ambao daktari yeyote wa akili angeuandika kwenye faili la mgonjwa. Katika fomu za uharibifu wa mazao hauna nafasi yake.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni tano kwa aliyeuawa, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, hadi milioni mbili kwa majeraha mengine, na thamani ya soko kwa mazao na mifugo. Madai hupitia kamati ya kaunti, kisha wizarani, na malimbikizo yake nchini yamekuwa yakihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Mjane anayengojea hundi kwa miaka hapungukiwi na fedha tu. Anaishi ndani ya kesi isiyokwisha, akiulizwa na wadai wake kila mwezi kama serikali imelipa. Makala hii inashika msimamo mmoja juu ya jambo hilo: fidia ya ndovu katika Taita Taveta ni suala la afya ya akili kama ilivyo suala la utalii, na kuchelewa kwake kuna gharama isiyoonekana katika bajeti ya hifadhi.

Kuna ushahidi wa kuunga mkono msimamo huo, ingawa mzito zaidi umetoka mbali. Nchini Indonesia, wanauchumi Cornelius Christian, Lukas Hensel na Christopher Roth walifuatilia mpango wa serikali wa kuzipa familia maskini fedha, uliofika katika wilaya mbalimbali kwa nyakati tofauti. Kwa kuwa wilaya moja ilipata mapema na nyingine ikachelewa, waliweza kulinganisha. Zilipofika fedha hizo, vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 18. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019, na ndani yake mna kipengele kinachomhusu moja kwa moja mkulima wa Mwatate: mvua ilipokuwa mbaya na mavuno yakaanguka, vifo viliongezeka, lakini pale fedha zilipokuwa zimeshafika, mvua mbaya haikuua wengi kama kwingine. Kilichobadilika hakikuwa tabia ya watu wala dini yao. Pigo lilikuwa lilelile, ila halikuwakuta mikono mitupu.

Kwetu nyumbani, Johannes Haushofer na wenzake walipima mate ya wakulima maskini wa Kenya ili kuona kiasi cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa katika taharuki. Mvua ilipopungua, homoni hiyo ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wale waliotegemea shamba peke yake. Baadaye huko Rarieda, Siaya, kaya zilizopewa fedha bila masharti zilionyesha furaha zaidi na msongo mdogo wa mawazo kuliko zile ambazo hazikupewa. Hakuna hata mmoja kati ya watafiti hawa aliyesema fedha hutibu huzuni. Wanachosema ni kwamba mwili wa mkulima unasoma mawingu kabla yeye mwenyewe hajakubali kwamba mwaka umeharibika.

Na miaka imeharibika. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kame za Kenya. Kati ya Februari na Oktoba 2022, ukame uliua ndovu 205 kwa hesabu ya serikali, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Wanyama waliobaki waliingia vijijini kutafuta maji, katika visima na matangi yaleyale ya watu. Mfugaji alipoteza ng'ombe, mkulima alipoteza mahindi mara mbili, kwa jua na kwa ndovu.

Voi yenyewe huumia kwa njia nyingine. Mji huu ulizaliwa na reli, ilipopita mwaka 1898, na umeishi kwa kupitwa: garimoshi, baadaye malori ya Mombasa na Nairobi, na yale yanayokata kona kwenda Taveta na Tanzania. Dereva aliyelala Voi alilipa chumba, chakula, fundi wa matairi, mlinzi wa usiku na muuza miraa. Reli mpya ya SGR ilizinduliwa kwa abiria Mei 31, 2017, na ikaanza kubeba mizigo mapema 2018. Agosti 2019 serikali ikaagiza mizigo ya bandari iende kwa reli, agizo ambalo Rais William Ruto aliliondoa Septemba 2022. Katikati ya hapo ikaja korona: watalii wa kigeni waliokuwa zaidi ya milioni mbili mwaka 2019 walishuka hadi chini ya laki sita mwaka 2020, na lango la Tsavo likanyamaza. Mtu aliyefungua hoteli ndogo kando ya barabara kuu mwaka 2016 kwa mkopo wa benki alipata mapigo mawili ndani ya miaka minne, na hakuna hata moja lililotokana na uvivu wake.

Hapo ndipo simu inapoingia. Mikopo ya programu za simu, isiyohitaji dhamana wala mdhamini, ilijaza pengo ambalo zamani lilijazwa na shemeji au mwenye duka. Kwa muda mrefu baadhi ya wakopeshaji walikuwa na mtindo mmoja wa kudai: mdaiwa akichelewa, wanampigia mama yake, mwajiri wake, na kila jina walilolikuta katika simu yake. Benki Kuu ilitunga kanuni mwaka 2022 kuzuia udhalilishaji huo na kuwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Kwa anayesoma habari hizi kama suala la biashara tu, inafaa kukumbuka kwamba deni la zamani lilikuwa na sura ya mtu unayeweza kumwangukia ukamwomba mwezi mmoja zaidi. Kamari ya simu, iliyoenea nchini kuanzia 2014, hukaa katika kifaa hichohicho, na mara nyingi mkopo wa asubuhi ndio dau la jioni.

Émile Durkheim, Mfaransa aliyeandika kitabu kizima juu ya kujiua mwaka 1897, alishangazwa na jambo linalofanana na fumbo la Turkana na Nyeri. Katika Ulaya ya wakati wake, mikoa maskini zaidi haikuwa ndiyo yenye vifo vingi zaidi. Alihitimisha kwamba kinachoua ni kukatika kwa vifungo vya jamii, na mabadiliko ya ghafla yanayomwacha mtu bila kipimo cha kujua maisha yake yameshika njia gani. Wanaomfuata na wanaompinga wamebishana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1960 Paul Bohannan alikusanya tafiti za Afrika Mashariki na Magharibi, zikiwamo za Waluhya, Wajaluo, Wasoga na Wanyoro, na sababu iliyorudi mara kwa mara ilikuwa ya nyumbani: ndoa, jamaa, urithi. Kati yao Wagisu wa Mlima Elgon, waliochunguzwa na Jean La Fontaine, walijitokeza kwa kiwango kikubwa. Nao ni watu wa mlimani wenye ardhi finyu, ambako kijana hana namna ya kuwa mtu mzima bila shamba la baba yake. Anayeijua Wundanyi, katika milima ya Taita, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mfano mkali kuliko yote uko kusini. Lesotho ilikuwa na kiwango cha juu kabisa duniani katika makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, watu 72 katika kila 100,000. Ni nchi ya milima iliyowatuma wanaume wake katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa vizazi, kisha migodi ikawarudisha kwa makumi ya maelfu. Kuna nchi nyingi maskini kuliko Lesotho. Ni chache zilizojengwa juu ya mshahara wa baba aliye mbali, kisha mshahara ule ukakatika.

Watu wa Taita nao wana historia yao ya mshahara wa baba aliye mbali, na imeandikwa kwa undani ambao si kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Mmarekani Grace Harris aliishi katika milima ya Taita. Aliyoyakuta yanastahili kusomwa upya leo na kila anayeshughulika na afya ya akili katika kaunti hii.

Kwanza, alikuta saka. Wanawake walioolewa walikuwa wakishikwa na hali ya kutetemeka na kupoteza fahamu, mara nyingi baada ya kutamani kitu walichokosa: sukari, sigara, nguo. Wengine walishikwa kwa kusikia tu mlio wa gari au garimoshi. Katika sehemu fulani karibu nusu ya wanawake walioolewa waliwahi kupatwa nayo. Harris aliona uhusiano wake na uchumi wa nyumba. Wanaume walikuwa wakienda Mombasa na mashamba ya makonge kutafuta mshahara. Mwanamke hakurithi ardhi wala mifugo, na kila shilingi ilipitia mkononi mwa mume. Dawa yake ilikuwa ngoma ya hadhara, na mume alilazimika kununua vile vitu alivyovitamani mkewe. Tuseme lolote juu ya pepo, saka ilikuwa na uwezo mmoja ambao kliniki nyingi hazina: ilimfanya mtu aliyebanwa aonekane na kijiji kizima, na ikampa haki ya kudai bila kuitwa mlalamishi.

Pili, alikuta kutasa. Mzee alitia pombe au maji ya miwa mdomoni, akanyunyiza, huku akitamka kwamba anaitoa hasira yake na kuwatakia wenzake mema. Imani ilikuwa kwamba hasira iliyofichwa moyoni, hata ya mtu mwema, huwadhuru jamaa na hata mwenyewe bila ya yeye kukusudia. Kwa hiyo kulikuwa na ibada ya kuisema. Harris aliliweka jambo hilo katika kichwa cha kitabu chake kilichotoka mwaka 1978.

Makanisa yalikuwa yameshaingia tangu zamani, Waanglikana Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki Bura mwaka 1892, na hakuna sababu ya kusikitika kwamba Wataita wa leo wanasali badala ya kunyunyiza. Jumuiya ndogondogo, vyama vya akina mama, msikiti wa Voi na kwaya za vijana vinafanya sehemu ya kazi ileile. Lakini hapo kuna mwanya mmoja, nao ni wa wanaume. Mama ana chama chake, ana jumuiya yake, na akikosa mchango wa mzunguko atapigiwa simu kuulizwa kulikoni. Baba wa miaka arobaini aliyepoteza shamba kwa ndovu ana kilabu cha mbangara au mnazi, na huko atachekeshwa. Akiwa kijana ana muguka, ambayo kaunti iliipiga marufuku Mei 2024 pamoja na Mombasa na Kilifi kabla ya suala hilo kufikishwa mahakamani. Anachoambiwa kila upande ni neno moja: jikaze. Takwimu ya polisi ya 2017, wanaume 330 kati ya 421, inaanzia kwenye neno hilo.

Na akitaka msaada wa kitabibu? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya 2017 ilihesabu madaktari 92 wa magonjwa ya akili nchi nzima, na kati ya hospitali 284 za kiwango cha nne kwenda juu, 29 tu ndizo zilizokuwa na kitengo cha akili. Hospitali ya rufaa ya Moi mjini Voi ndiyo tegemeo la kaunti. Kwa matatizo mazito, watu wa Pwani kwa kawaida wamekuwa wakielekezwa Port Reitz, Mombasa, kilomita 150 hivi kutoka Voi, au Mathari, Nairobi, zaidi ya 300. Mkazi wa Kasigau huongeza juu ya hapo safari ya barabara ya vumbi hadi lami. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa dharura ya taifa. Uliofuata ni mkakati wa kuzuia kujiua wa 2021 hadi 2026, uliolenga kupunguza vifo kwa asilimia 10. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, hupokewa na washauri, na ni msaada ulio karibu zaidi kwa mtu aliye na chaji na mtandao usiku wa manane, iwe anajihofia mwenyewe au anamhofia ndugu yake.

Kuna hatua nyingine ambayo haihitaji daktari hata mmoja. Sri Lanka iliwahi kuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi vya aina hii duniani. Ilipoondoa sokoni, moja baada ya nyingine, dawa za wadudu zenye sumu kali zaidi, kiwango chake kilishuka kwa takriban asilimia 70 tangu 1995, bila mavuno kuanguka. Watu wengi hupita salama saa mbaya kabisa ikiwa hawana cha kuwadhuru karibu. Kwa kaunti ya wakulima wa nyanya na mahindi, bodi inayosajili dawa za shamba ina kazi ya kuokoa maisha sawa na wizara ya afya.

Nyingine iko Sagalla, ambako mradi wa Ndovu na Nyuki wa shirika la Save the Elephants umekuwa ukizungushia mashamba mizinga iliyofungwa kwenye waya tangu 2009. Ndovu akigusa waya, mzinga hutikisika, na nyuki wakitoka yeye huondoka. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya kilele uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliousogelea, na mkulima huuza asali juu yake. Anayelala usiku mzima mahindi yakikomaa amepata dawa ambayo hakuna famasia inayoiuza. Ila nyuki nao ni watumishi wa mvua: ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye makundi kwa robo tatu, na ilichukua miaka kurudi.

Hivyo tunarudi kwenye fedha, na kwenye ramani. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kukinga njaa unaopeleka fedha kwenye akaunti za kaya maskini, na unaoongeza idadi ya wanaolipwa pale picha za setilaiti zinapoonyesha malisho yamekauka. Ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kisha ukapanuliwa hadi Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Taita Taveta haimo kati ya kaunti hizo nane, ingawa imo katika orodha ya serikali ya kaunti 23 kame na nusu kame. Wazee wa miaka 70 na zaidi hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, zikifika kwa wakati. Mkulima wa miaka arobaini hayuko katika mpango wowote wa aina hiyo.

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa juu ya Taita Taveta. Ndani yake mna kiasi cha mvua, hali ya malisho, bei ya mbuzi na ya kilo ya mahindi, umbali wa kwenda kuteka maji, na unene wa mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni taarifa nzuri, na tarakimu zake nyingi hukusanywa na watu walioko mashinani. Tangu Januari 2025, chifu anayeandika kwamba mtu katika lokesheni yake alijaribu kujiua haandiki tena shitaka. Safu moja zaidi katika jedwali lile, ikijazwa na watu walewale, ingeiwezesha kaunti kuona kwa mara ya kwanza kama vifo na majaribio hupanda mwezi ule mahindi yanapoliwa, au miezi mitatu baadaye, madeni yanapoiva.